Zuhura ya Baridi

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye shughuli ya harusi huko Bunju, nimekaa meza ya nyuma karibu na spika, na mwanamume mmoja nisiyemjua akawa anawaeleza wenzake kwa nini Zuhura inaitwa Zuhura. Alikuwa ameishika chupa shingoni, anaizungusha kama muuza saa.

"Huyu Zuhura alikuwa mke wa mtu," akasema. "Mumewe akamwacha, akawa anapika juisi kwa hasira. Ndiyo maana ina tangawizi kali vile."

Wenzake wakacheka, wakanywa. Mmoja akapinga. Alivyosikia yeye, Zuhura ni dawa ya tumbo ya Waarabu wa zamani. Wa tatu akaapa kwamba ni jina la basi lililokuwa likienda Bagamoyo, na kwamba konda wa basi hilo ndiye aliyeanza kuiuza.

Mie nilikuwa hapohapo, sahani mapajani. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Si mtu wa kuongea mbele za watu, tangu zamani. Nikaendelea na pilau langu, na yule bwana akaendelea na mke wake aliyeachwa, na kila alipotaja jina lile nilihisi mtu ananivuta sikio. Nilirudi nyumbani nimekereka, na kero hiyo haijaniisha. Kwa hiyo naandika, polepole kama ninavyoandika siku zote, ili nyie wenzangu mliokulia upande huu wa Boko, mkanywa Zuhura tangu mnang'oka meno ya utoto, mjue. Haikuwa dawa. Haikuwa basi. Na hakuna aliyeachwa na mume.

Ilikuwa ukwaju tu. Mama alikuwa anauroweka kwenye ndoo ya bluu jioni, asubuhi anaukamua kwa mikono miwili mpaka kokwa zote zinabaki tupu, zinang'aa. Anauchuja kwa kipande cha chandarua kipya. Halafu anachanganya na maji ya tangawizi aliyoitwanga mwenyewe na kuichemsha na iliki. Harufu ya tangawizi ikichemka ilikuwa inaingia kila mahali: kwenye shuka, kwenye nywele, kwenye mkate. Nikisikia harufu hiyo hadi leo vidole vyangu vinawasha, maana kazi yangu ilikuwa kubandua karatasi kwenye chupa za maji tulizokuwa tunaziokota na kuziosha. Gundi ile ilikuwa inakaa chini ya kucha siku nzima.

Tuliuza kwenye dirisha la sebuleni, kupitia nondo. Kwa kuwa nilikuwa mfupi, wateja sikuwajua kwa nyuso, niliwajua kwa mikono. Kulikuwa na mikono yenye oili ya vijana wa bodaboda, mikono yenye saruji ya mafundi, mikono yenye hina ya akina mama wakitoka kwenye shughuli. Yote iliingia dirishani na neno moja.

"Mama Zuhura, Zuhura ya baridi ipo?"

Sasa hapa nawaomba msinicheke. Mtaani kwetu alikuwepo Mama Maandazi, ambaye alipika maandazi. Alikuwepo Mama Samaki, ambaye alikaanga samaki pale kwenye transfoma. Na mama yangu alikuwa Mama Zuhura, naye alitengeneza Zuhura. Mtoto wa miaka sita angejua nini zaidi? Niliona mambo yamekaa sawa kabisa. Maandazi, samaki, Zuhura.

Jina langu mie lilikuwa Bibie. Ndivyo mama alivyoniita, na watoto wa jirani pia. Baba, ambaye alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na alirudi nyumbani macho mekundu, aliniita Mama. "Mama, niletee maji ya kunawa." Bibi yangu wa Kimbiji, mama yake baba, tukienda kumsalimia aliniita Somo. Chekechea sikwenda, na kwenye chuo cha Kurani ustadhi alituita sote "wewe". Nilikuwa na majina mengi kuliko nguo. Sikuhisi nimepungukiwa.

Mara moja tu mambo yalitikisika kidogo. Mzee mmoja mwenye kanzu alipita mlangoni kwetu nikiwa naosha chupa uani, akaniambia kwa upole, "Hujambo, Zuhura?" Nikamwamkia shikamoo, nikakimbia ndani, nikamletea moja ya baridi. Akaipokea, akanitazama, akaitazama chupa, akasema, "Ahsante, mwanangu," akaondoka bila kulipa. Mama alinigombeza. Mie nikaona mzee ndiye mwenye makosa.

Kisha nikaanza darasa la kwanza.

Mwalimu wetu aliitwa Mwalimu Anjela, mama mnene mwenye sauti ya kutosha darasa lile, maana tulikaa watano kwenye dawati la watatu. Alitaka kila mmoja asimame ataje jina lake. Zamu yangu ilipofika nikanyanyuliwa na jirani zangu wa dawati.

"Bibie," nikasema.

"Sauti."

"Bibie."

"Bibie ndiyo nani? Hilo jina la nyumbani, siyo la shule." Akaniangalia vizuri. "Wewe si mtoto wa Mama Zuhura, pale karibu na transfoma? Basi Zuhura ndiye wewe."

Darasa likalipuka. Mvulana mmoja anaitwa Hamadi, ambaye mpaka leo nikimwona Tegeta navuka barabara, akapaza sauti: "Ya baridi au ya moto, mwalimu?"

Nilimtazama Mwalimu Anjela kwa huruma. Jua lilikuwa kali, bati halina dari, anatoka jasho shingoni. Nikajua ana kiu. Nikajikaza, nikamwambia sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia mtu mzima asiye wa kwetu.

"Mwalimu, Zuhura zimebaki nyumbani. Ziko kwenye friji ya jirani."

Sijui kama mmewahi kusikia darasa zima likicheka mpaka madawati yanasogea. Mwalimu Anjela alidhani namfanyia jeuri. Nilisimama ubaoni mpaka kengele ya uji, na nilikuwa bado sijaelewa kosa langu.

Nilifika nyumbani nimevimba. Mama alikuwa anakamua ukwaju, mikono ndani ya ndoo mpaka viwiko.

"Mama, mwalimu ananiita Zuhura."

Mikono ikasimama. "Eeh."

"Mwambie siyo jina langu."

"Ndilo jina lako."

"Jina gani?"

"Hilo."

"Hilo lipi?"

"Hilohilo alilosema mwalimu."

"Zuhura?"

Mama akatazama mlangoni kama kuna mtu anasikiliza. "Bibie, nishikie chujio."

"Mama, mie naitwa juisi?"

"Nimekwambia nishikie chujio!"

Nikamngoja baba. Baba akanawa, akala, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu yuko sahihi, Mama. Hilo ndilo jina lako." Nikamwomba anitajie ili nisikie kutoka kwake. Akacheka, akasema limtoke yeye mdomoni tena? Akaenda zake msikitini.

Mnaona? Nyumba nzima, watu wazima wawili wenye akili timamu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia naitwa nani. Mtaa mzima ulikuwa unalitaja jina hilo kutoka alfajiri. Ndani ya nyumba yetu wazazi wangu hawakuwahi kulitamka hata mara moja, na sikuwahi kulitambua hilo mpaka siku ile. Mama alipotaka kusema tumebakiza ngapi, alisema "zile". Zile za baridi, zile za jana. Nilidhani ni uvivu wa kusema.

Shuleni ikawa tabu. Ukwaju hukaa chini ya chupa, ndiyo maana wateja huitikisa kwanza. Basi kila asubuhi Hamadi na wenzake walinishika mabega, mmoja huku mmoja kule. "Tikisa kabla ya kunywa!" Nikilia: "Zuhura inavuja!" Nikinyamaza: "Imechacha hii, rudisha!" Nikaamua jina lile si langu, wala sitaliitikia. Mwalimu Anjela akiita Zuhura, natazama dirishani. Akiita mara ya pili, natazama vidole. Nilikuwepo darasani kila siku na kila siku nikahesabiwa sipo.

Mwishowe akanisimamisha. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Mie siwezi kufundisha mtoto asiyeitika," akasema. "Njoo na mama yako, aniambie yeye mwenyewe mtoto wake anaitwa nani. Bila hivyo usiingie darasa langu."

Nilimfikishia mama ujumbe. Akasema sawa, kesho. Kesho yake ukwaju ulikuwa mwingi. Iliyofuata tangawizi ilipanda bei, ikabidi aende sokoni. Kila asubuhi nilivaa sare na kukaa kwenye kizingiti, na kila asubuhi palikuwa na jambo. Siku moja hatimaye aliniita, akanikabidhi mfuko wenye chupa mbili zinazotoa jasho la ubaridi. "Mpelekee mwalimu, mwambie mama anakusalimia, anaomba umpokee mtoto."

Nikapeleka. Hamadi alikuwa mlangoni.

"Jamani! Zuhura kaleta Zuhura!"

Mwalimu Anjela alizipokea chupa, akashukuru, akanywa moja yote bila kupumua, halafu akaniambia niende nikamwite mama. Sikurudi siku hiyo wala iliyofuata. Nilikaa uani nabandua karatasi, na nilianza kufikiri kwamba labda shule ndiyo basi. Mama alikuwa anakamua ukwaju kwa nguvu kuliko kawaida, kama anayekamua nguo za msiba.

Ndipo Bibi akaja kutoka Kimbiji.

Alikuja kupima macho, na kifurushi cha muhogo kichwani, na lawama zake. Barabara mbovu, kivuko kimejaa, watoto wa siku hizi hawapishi wazee. Mama alimpokea kwa magoti. Akamtandikia sebuleni, palepale chini ya dirisha, maana ndipo penye upepo, na akarudi jikoni. Mie nikakaa mlangoni nimekunja miguu. Haikupita muda mkono wenye oili ukaingia kwenye nondo.

"Zuhura ipo?"

"Nipo!" Bibi akaitika. "Nani mwenzangu?"

Mkono ukasita. "Aa, shikamoo bibi. Naulizia Zuhura."

"Marahaba. Ndiye mie. Una shida gani?"

"Nataka ya baridi, bibi. Ila kama ya jana sitaki, ya jana iliniharibu tumbo."

Nilisikia sufuria likianguka jikoni. Mama akatokea mlangoni, mikono inachuruzika ukwaju mpaka sakafuni, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekutwa anaiba.

"Mkwe wangu," Bibi akasema taratibu, "mnaniuza?"

Ndipo nilipoyasikia yote, na yote niliyasikia kwa sababu watu wazima wakikasirika husahau kwamba kuna mtoto. Kwa ukoo wetu mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama yake baba. Jina la Bibi ni Zuhura. Kwa hiyo mie nikawa Zuhura. Na kwa kuwa mkwe hatamki jina la mama mkwe wake, wala mtoto hamwiti mzazi wake kwa jina, mama akaniita Bibie na baba akaniita Mama, wakaona wamemaliza. Somo, alivyoniita Bibi, ni mtu mliyepeana jina. Nilikuwa nimeambiwa miaka yote na sikusikia.

"Nani aliyewapa hawa vijana jina langu?" Bibi akauliza.

Mama alikuwa amepiga magoti, anatazama mkeka. "Walianza kusema ile juisi ya Mama... ya mama fulani. Baadaye wakafupisha."

"Ukawaachia?"

"Ningewakatazaje, mama? Kumkataza mtu jina, sharti ulitaje."

Bibi akageuzia swali upande mwingine. "Na nani aliyewaambia majirani wewe ni mama wa nani?"

Mama akazidi kuinama. "Ni wewe, mama. Ulipokuja kunilea uzazini. Ulipita nyumba hadi nyumba."

Bibi alikohoa. Akaomba maji. Mama, kwa kuchanganyikiwa, akamletea ile ya baridi. Bibi akaionja, akasema sukari nyingi, akaimaliza.

Kwa siku mbili alijaribu kulirudisha jina lake. Alikaa dirishani kama askari wa getini na kumwambia kila mkono uliotokea kwamba juisi hii haiitwi hivyo.

"Basi tuiiteje, bibi?"

"Iiteni ukwaju."

"Haya, sawa. Mama Zuhura! Tupe ukwaju wa Zuhura, miwili!"

Siku ya tatu akatema mate nje ya dirisha akasema watu wa Boko hawana malezi. Ndipo akanigeukia mie, akauliza mbona huyu haendi shule. Mama akamweleza, kwa kunong'ona. Bibi akampigia kelele mpaka Mama Samaki akaja kuuliza kama kuna usalama.

"Mtoto anakosa shule kwa ajili ya heshima yangu mie? Heshima gani hiyo? Mie mwenye jina nimekuruhusu. Mwite mwanao. Hapahapa nisikie."

Mama akanitazama. Nilisimama wima, kama nilivyofundishwa kusimama ubaoni. Nilikuwa nalichukia jina lile kuliko kitu chochote duniani, na bado nilijikuta nataka kulisikia. Midomo yake ilifunguka. Jasho likamtoka chini ya mtandio. Akajaribu tena.

"Bi... Bibie," akasema, akaanza kulia.

"Ulimi haugeuki, mama," akamwambia Bibi. "Nisamehe."

"Basi mie siendi," Bibi akasema. "Ningeenda nikamtajia huyo mwalimu mara kumi. Lakini kaitwa aliyezaa."

Asubuhi yake mama alioga kabla hajaigusa ndoo ya ukwaju. Akavaa baibui lake la kwenda msibani, akanishika mkono, na tukatoka bila chupa hata moja. Njia nzima mkono wake ulinuka tangawizi na ulikuwa umelowa. Vijana wa kijiweni walimwita, "Mama Zuhura, vipi leo dirisha limefungwa?" Hakuwageukia.

Mwalimu Anjela alitukaribisha ndani ya darasa kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Watoto wote wakasimama. "Shikamoo mamaaa." Mama akaitika kwa kichwa. Hamadi alikuwa mstari wa mbele, meno nje, anangoja.

"Ahsante kwa kuja, mama," mwalimu akasema. "Sina neno kubwa. Nataka tu uniambie mbele yake, huyu anaitwa nani, ili tumalize ubishi."

"Mwalimu, unalijua."

"Nalijua. Nataka yeye alisikie kwako."

"Anaitwa jina la mama mkwe wangu."

"Sawa. Mama mkwe wako anaitwa nani?"

Mtoto mmoja akaanza kucheka nyuma, mwalimu akamwangalia, akanyamaza. Mama alikuwa amenishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vinauma. Nilimwangalia kutoka chini. Alifumba macho, akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio kama mtu anayepita penye moshi, na kutoka nyuma ya kitambaa kile sauti ikatoka ndogo, iliyokwaruza, wala haikufanana na sauti iliyokuwa ikinigombeza uani.

"Zuhura."

Hakuwa ananiita. Alikuwa anamjibu mwalimu, na hajalisema tena tangu siku ile, hata leo ambapo Bibi hayupo wa kumkasirikia. Lakini darasa lilikuwa kimya kabisa, na mie sikungoja kuulizwa.

"Abee, mama," nikaitika.